Mshono, Stichi na Zigizaga: Uhakiki wa Istilahi za Cherehani

Katika kurasa za namna hii tumezoea kuzipima istilahi za nyanja zinazoitwa kubwa: sheria, benki, utabibu, uendeshaji wa serikali. Mara hii tunamwomba msomaji ashuke pamoja nasi hadi barazani kwa fundi cherehani, mahali ambapo Kiswahili kimefanya kazi kwa muda mrefu kuliko kilivyofanya kazi katika ofisi nyingi, na ambako hata hivyo watungaji wa istilahi hawapiti mara kwa mara. Tunakusudia kuyachunguza maneno machache tu, nayo ni yale yanayotumika kumweleza mtu namna ya kupanga jinsi uzi utakavyokaa katika nguo: wapi sindano itatoboa, itatoboa tena umbali gani kutoka hapo, na je, itakwenda moja kwa moja au itayumba kulia na kushoto.

Pengine kuna atakayesema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba fundi hujifunza kwa macho wala hahitaji istilahi. Neno hilo lilikuwa na ukweli wakati ufundi ulipopokewa kwa kukaa miguuni pa fundi mkuu. Leo hali ni nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ushonaji nchini Tanzania hufundishwa pia darasani, kwa mitaala, madokezo na mitihani. Cherehani nazo huingia nchini zikiwa na vijitabu vya maelezo, na baadhi ya vijitabu hivyo hutafsiriwa. Mwanafunzi anayesoma peke yake hana mkono wa fundi wa kumwongoza, ana neno tu. Neno likiwa na njia mbili, yeye atafuata mojawapo, na huenda ikawa siyo.

Tutoe mfano mmoja ili uzito wa jambo uonekane. Mwalimu amwambia mwanafunzi, "Ongeza upana wa mshono." Mwalimu anakusudia kwamba nguo inayoachwa nje ya mstari wa kushonea iwe kubwa zaidi, ili gauni liweze kupanuliwa baadaye. Mwanafunzi aliyesoma kijitabu anakumbuka kwamba "upana wa mshono" ni lile duara lenye namba lililo juu ya cherehani. Analizungusha mpaka 4. Cherehani ilikuwa imefungwa mguu wa kushonea mstari ulionyooka, ambao tundu lake ni jembamba. Anakanyaga, sindano inayumba kando, inagonga chuma cha mguu na kukatika, na kipande chake kinaruka. Aliye mbele ya sindano hiyo ni mtu mwenye macho mawili. Hapa kosa si la mwanafunzi, wala si la mwalimu. Ni la istilahi iliyobebeshwa dhana mbili kwa wakati mmoja.

Dhana kabla ya neno

Haiwezekani kulihukumu neno bila ya kuijua dhana. Kwa hiyo tueleze kwa ufupi jinsi cherehani ya kawaida inavyofanya kazi.

Nyuzi ni mbili. Mmoja hutoka juu na kupita katika tundu la sindano. Wa pili umo katika bobini, chini ya bamba. Kila sindano inaposhuka, uzi wa juu hunaswa na kuuzunguka uzi wa chini, na hapo nyuzi hizo hushikana ndani ya kitambaa. Sindano ikishapanda, meno yaliyo chini ya kitambaa huinuka, hukisukuma kitambaa nyuma kidogo, kisha huzama tena. Sindano hushuka mara ya pili. Umbali kati ya tobo la kwanza na tobo la pili ndio urefu tunaouzungumzia. Yafaa ieleweke kwamba urefu huo hauletwi na sindano, kwani sindano haijui ila kupanda na kushuka. Urefu ni kazi ya meno na mwendo wa kitambaa.

Upana ni habari nyingine kabisa. Katika cherehani iliyoundwa kwa ajili hiyo, sindano yenyewe huyumba: ikishuka mara moja upande wa kushoto, mara ya pili hushuka upande wa kulia, na uzi hutoka umepinda kama njia ya nyoka. Upana ni umbali wa kuyumba huko. Hapa mwenye kazi ni sindano, wala meno hayahusiki.

Tofauti hii ina historia yake. Elias Howe alipopewa hataza huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851, mashine zao zilishona mstari ulionyooka. Zile cherehani nyeusi za kukanyaga ambazo mafundi wetu wengi wamezitumia miaka nenda miaka rudi ni za ukoo huo. Zina wenzo wa urefu, hazina upana wowote wa kupanga. Cherehani za nyumbani zenye sindano ya kuyumba zilienea baada ya Vita Vikuu vya Pili. Si ajabu basi kwamba Kiswahili cha barazani kilikuwa na njia nyingi za kusema juu ya stichi fupi na ndefu, lakini hakikuwa na neno la upana. Hapakuwa na kitu cha kuitwa. Watafsiri walipokutana na kitu hicho kipya, walichukua neno lililokuwa karibu nao zaidi, yaani mshono, wakaliongezea mzigo.

Neno moja, kazi nne

Tuuhesabu mzigo huo. Kwanza, mshono ni mahali ambapo vipande viwili vya nguo vimeunganishwa kwa uzi: mshono wa bega, mshono wa ubavuni, mshono wa suruali uliofumuka. Hii ndiyo maana iliyo wazi kuliko zote, na mtu yeyote mwenye nguo iliyochanika huitumia. Pili, mshono ni mtindo wa nguo. Mteja humwendea fundi akiwa na kitenge mkononi akauliza kama ana mishono mipya, naye hakusudii uzi wala sindano, bali umbo la gauni. Tatu, hospitalini, mshono ni jeraha lililoshonwa baada ya upasuaji, nalo mgonjwa huambiwa alitunze lisipate maji. Nne, katika vijitabu vya cherehani, mshono ni ule uzi mfupi ulio kati ya tobo moja na jingine, yaani kile kidogo ambacho kikirudiwa mara mia huunda mshono wa maana ya kwanza.

Lugha haiharibiki kwa neno kuwa na maana nne. Mtu anayesema "mshono huu umenipendeza" akiwa kwa fundi, na anayesema "mshono umefunguka" akiwa wodini, hawagombani, kwa sababu muktadha huwatenga. Tatizo letu ni kwamba maana ya kwanza na ya nne hukaa katika chumba kimoja, katika ukurasa mmoja, na mara nyingine katika sentensi moja. Muktadha hauwezi kuzitenga. Ukiandika "urefu wa mshono", msomaji aweza kufikiri juu ya mshono wa ubavuni wenye sentimita 40, au juu ya milimita 2.5. Ukiandika "mishono kumi", aweza kuhesabu sehemu kumi zilizounganishwa, au matobo yaliyomo katika inchi moja. Ukiandika "upana wa mshono", umekwisha kuiona sindano iliyokatika.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitambua jambo hili kwa njia ya kiofisi. Shirika la Kimataifa la Viwango limeyatenga mambo haya mawili katika hati mbili. Kiwango cha ISO 4915 cha mwaka 1991 hushughulikia aina za namna uzi unavyofungana, ambapo mstari ulionyooka wa cherehani ya kawaida hupewa namba 301 na ule wa sindano inayoyumba hupewa 304. Kiwango cha ISO 4916 cha mwaka huohuo hushughulikia aina za namna vipande vya nguo vinavyounganishwa. Mtafsiri anayeziita hati zote mbili "aina za mishono" atakuwa amezifanya kuwa hati moja, na msomaji wake hatajua ni ipi anayoisoma.

Twapaswa kutambua pia kwamba Kiswahili hakikushindwa kuitenga dhana hii kila mahali. Mtu akijeruhiwa na kutibiwa, watu hawasemi kwamba ameshonwa mishono sita. Husema ameshonwa nyuzi sita. Yaani wasemaji wenyewe, bila ya kamati, waliona kwamba jeraha lina mshono mmoja, na kwamba kinachohesabiwa ndani yake ni kitu kingine kinachostahili jina jingine. Huo ni ushahidi mzuri kwamba haja ya neno la pili ni haja ya kweli, haikuzuliwa na wanaistilahi.

Mtego wa namba

Sasa tuje kwenye maneno urefu na upana yenyewe. Kwa mstari ulionyooka urefu hauna utata: ni uzi unaoonekana juu ya kitambaa baina ya matobo mawili. Lakini sindano inapoyumba, uzi hulala mshazari. Tuseme upana umewekwa 4 na urefu umewekwa 1. Uzi utakaoonekana utakuwa na zaidi kidogo ya milimita 4, kwa kuwa unakwenda kando zaidi ya unavyokwenda mbele. Mwanafunzi makini atachukua rula, ataupima uzi huo wa mshazari, kisha atadai kwamba kitabu kimesema uongo. Fasili ya "urefu wa uzi unaoonekana" kwa hiyo haifai. Fasili iliyo sahihi ni hii: mwendo wa kitambaa kutoka tobo moja hadi tobo linalofuata, ukipimwa kwa kuufuata mstari wa mshono. Kwa fasili hiyo urefu hubaki 1, hata sindano iyumbe kiasi gani.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni wa vipimo. Cherehani nyingi za sasa huonyesha urefu kwa milimita, kuanzia 0 hadi 4 au zaidi kidogo. Hapo namba ikiwa kubwa, uzi huwa mrefu. Lakini cherehani za zamani, na baadhi ya mpya zilizoigwa kutoka kwao, huonyesha idadi ya matobo katika inchi moja. Hapo namba ikiwa kubwa, uzi huwa mfupi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo namba 8 ya kiinchi ni sawa na milimita 3.2 hivi, namba 10 ni kama 2.5, namba 12 ni kama 2.1, na namba 20 ni chini ya 1.3. Sasa tumfikirie mwalimu mwenye cherehani za aina zote mbili katika chumba kimoja, akisoma kwa sauti: "Kwa kitambaa kizito, ongeza namba ya mshono." Nusu ya darasa itarefusha kama ilivyokusudiwa. Nusu nyingine itafupisha, na turubai lao litatobolewa karibukaribu kama kingo za stempu, tayari kuchanika litakapovutwa.

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu imo ndani ya sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kina vitenzi refusha, fupisha, panua na punguza upana. Neno refusha halina njia mbili. Linataja matokeo yanayotakiwa, wala halijali namba zimeandikwa kwa mtindo gani. Watafsiri wameliacha kwa sababu matini ya Kiingereza ilisema habari ya kuongeza na kupunguza, nao wakaifuata neno kwa neno. Hapa tunaona tena kasoro ya kale ya tafsiri zetu: tunaibeba sentensi ya mwenyewe na kuiacha nguvu ya lugha yetu mlangoni.

Kurekebisha nini?

Kasoro nyingine imo katika kitenzi. Karibu kila kazi ya kugeuza duara au kusogeza wenzo hutafsiriwa kuwa "kurekebisha". Lakini katika matumizi ya kila siku, kinachorekebishwa ni kile kilichokosewa au kilichoharibika. Anayeambiwa "rekebisha mshono" ataufumua na kuushona upya, naye atakuwa ameielewa lugha yake vizuri. Kupanga urefu kabla ya kuanza kazi si kuondoa kosa lolote. Kitenzi cha fundi ni chepesi na kinatosha: weka. Weka 2.5. Ikiwa kazi inaendelea na hali inabadilika, basi ni badili. Tuliache rekebisha lifanye kazi yake pale ambapo kweli kuna kasoro, kwa mfano uzi wa juu unapokuwa umelegea na kufanya vitanzi upande wa chini.

Hapo tunagusa neno la tatu lenye mashaka, ambalo ni "mvutano wa uzi". Mvutano kwa wasemaji wengi ni ugomvi wa pande mbili zisizokubaliana. Mafundi husema uzi umekaza au uzi umelegea. Kutoka humo twaweza kupata mkazo wa uzi bila ya kutafuta mbali. Hatutalirefusha jambo hili, maana si kiini cha makala haya. Twalitaja ili ionekane kwamba kasoro ni ya aina moja. Neno la karamuni limeruka juu ya neno la kazini.

Maneno yanayoshindana

Tuchukulie basi kwamba mshono utabaki na maana ya kwanza, yaani mahali palipounganishwa. Ni neno gani litakalobeba maana ya nne? Tumeyapima matano.

La kwanza ni uzi, kwa kufuata mfano wa hospitali. Lina heshima ya kutoka kinywani mwa watu. Lakini daktari hukata uzi baada ya kila fundo, kwa hiyo nyuzi zake zahesabika kweli. Cherehani haikati, nyuzi zake ni mbili tu toka mwanzo wa mshono hadi mwisho. "Nyuzi kumi kwa inchi" kwa fundi ni habari ya jinsi kitambaa kilivyofumwa. Neno hili halifai hapa.

La pili ni pigo. Lina msingi mzuri, kwa kuwa kitenzi piga kimeenea katika kazi hii: watu hupiga bandi, hupiga pindo, hupiga pasi. Lakini pigo ni kile kitendo cha sindano kushuka, ilhali tunachokitaka ni nafasi iliyo kati ya mashuko mawili. Pigo halina urefu. Zaidi ya hayo, wingi wake huleta mawazo ya moyo, na umoja wake huleta mawazo ya msiba.

La tatu ni hatua, na tunakiri kwamba linavutia. Cherehani hutembea juu ya nguo; hatua yaweza kuwa ndefu au fupi; hatua ndiyo umbali hasa kati ya unyayo na unyayo. Lingefaa kama si jambo moja dogo lenye madhara makubwa. Vijitabu vya maelezo hupangwa kwa hatua. Mtu atasoma "Hatua ya 3: weka urefu wa hatua 3", naye atahitaji kitabu cha kumweleza kitabu. Istilahi nzuri haipimwi ikiwa peke yake. Hupimwa ikiwa imekaa katika sentensi ambamo itatumika.

La nne ni kishono, yaani mshono uliodogoshwa. Kisarufi halina kasoro. Lakini udogo katika Kiswahili mara nyingi huja na dharau, na fundi anayesikia kishono atafikiri kazi yake imetukanwa kabla ya kufikiri kwamba imetajwa. Tena tofauti yake na mshono ni silabi moja tu, jambo la hatari kwa maneno mawili yatakayotamkwa katika chumba chenye kelele za cherehani ishirini.

La tano ni stichi. Hili halikutungwa na yeyote kati yetu. Ni neno linalosikika katika vyumba vya kushonea, na wanaolitumia hawaoni kwamba wanasema lugha ya kigeni. Upungufu wake ni kwamba asili yake ni Kiingereza. Tunajua kwamba utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi ni kuanza na hazina ya Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, na ndipo kuziendea lugha za nje. Tunauheshimu utaratibu huo. Lakini tumekwisha kuanza na hazina yetu, na maneno manne tuliyoyapima yameanguka kila moja kwa sababu yake. Utaratibu hausemi kwamba neno la nje lisipokewe kamwe. Wasema lipokewe baada ya kutafuta.

Tena msamiati wa ushonaji ni mahali ambapo Kiswahili hakijawahi kuona haya kupokea. Katika kanzu moja mna badani, taharizi na sijafu, maneno yenye asili ya Kiarabu, yakikaa pamoja na kikwapa, neno letu. Shati lina kola. Gauni lina zipu na lasi. Cherehani yenyewe ni jina la kupokewa, na leo hakuna anayelitilia shaka. Shona, uzi, sindano na pindo hayakufukuzwa na yeyote kati ya wageni hao. Kwa upande wa matamshi, kundi la konsonanti lililo mwanzoni mwa stichi tumekwisha kulizoea katika stesheni, stempu na staili. Neno litaingia katika ngeli ya I-/ZI-: stichi hii ni fupi, stichi hizi ni fupi. Hapana mlango unaopaswa kuvunjwa ili liingie.

Kwa hiyo tunalipendekeza stichi. Wapo watakaotulaumu kwamba tumekubali kushindwa. Sisi twaona kinyume chake. Kumlazimisha fundi aliite jambo kwa jina ambalo halimsaidii, ili kamusi ionekane safi, ni kumtumikisha mtu kwa ajili ya neno. Kazi ya istilahi ni kutenga katika lugha yale ambayo mkono hulazimika kuyatenga katika kazi.

Mapendekezo

Tumeyakusanya mapendekezo yetu hapa chini ili walimu na watafsiri wayajaribu.

Mshono: mahali ambapo vipande vya nguo vimeunganishwa kwa uzi. Maana za mtindo wa nguo na za hospitali ziendelee katika matumizi ya kawaida, ila zisiingizwe katika maelezo ya mashine.

Stichi: fungamano moja la uzi, kutoka tobo moja hadi linalofuata.

Urefu wa stichi: mwendo wa kitambaa baina ya matobo mawili yanayofuatana, ukipimwa kwa kuufuata mstari wa mshono. Utajwe kwa milimita. Pale mashine inapotumia inchi, isemwe stichi kwa inchi, wala isiitwe urefu.

Zigizaga: mpango wa stichi zinazopinda kulia na kushoto kwa kuyumba kwa sindano.

Upana wa zigizaga: umbali wa kuyumba kwa sindano. Tunashauri isisemwe upana wa stichi, sembuse upana wa mshono. Mashine isiyokuwa na zigizaga haina upana, na jina lenyewe litamkumbusha mtu kwamba afunge mguu unaofaa.

Akiba ya mshono: nguo inayoachwa nje ya mstari wa kushonea.

Mkazo wa uzi: kiasi cha uzi kubanwa; uzi hukazwa na hulegezwa.

Weka, badili, refusha, fupisha, panua, punguza upana: vitenzi vya kupanga mashine. Rekebisha kibaki kwa ajili ya kuondoa kasoro.

Neno hujulikana kwa matumizi. Tumetunga kifungu kidogo kwa mtindo unaoonekana katika tafsiri nyingi: "Rekebisha urefu wa mshono uwe 2.5 na upana wa mshono uwe 0. Kwa vitambaa vizito ongeza mshono. Upana wa mshono uwe 1.5." Msomaji asiyejua kushona hataelewa chochote, anayejua ataelewa kwa sababu alikwisha kujua kabla ya kusoma.

Sasa tukiandike upya: "Kwa kitambaa cha kawaida weka urefu wa stichi milimita 2.5 na upana wa zigizaga 0. Kitambaa kikiwa chepesi, fupisha stichi hadi 2. Kikiwa kizito, irefushe hadi 3 au 3.5. Kitambaa kikiwa cha kuvutika, tumia zigizaga nyembamba ili uzi usikatike nguo inapovutwa. Usibadili upana wakati sindano imo ndani ya kitambaa, ipandishe kwanza. Acha akiba ya mshono sentimita 1.5." Kifungu hiki ni kirefu kuliko cha kwanza, lakini hakuna neno ndani yake linalompa msomaji kazi ya kubahatisha. Hata zile stichi zilizosongamana ambazo huzunguka tundu la kifungo zaweza sasa kuelezwa kwa sentensi moja: ni zigizaga ambayo urefu wa stichi zake umefupishwa hadi karibu na nusu milimita, hivyo uzi hujaa na kuziba kitambaa.

Neno la mwisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 lilianza kutoa orodha za Tafsiri Sanifu kwa ajili ya ofisi, shule na viwanda. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa, nayo ilitufundisha jambo moja ambalo twapenda kulikumbusha. Orodha ya maneno huonekana imekamilika ikiwa kila neno la Kiingereza limepata mwenzake upande wa pili. Lakini hesabu hiyo yaweza kudanganya. Mshono ukiandikwa mbele ya maneno matatu tofauti, orodha imejaa, na dhana mbili zimepotea.

Kwa hiyo tunawashauri wanaotunga orodha za ufundi, iwe useremala, uashi, ufundi magari au ushonaji, waisome orodha yao mara mbili: mara ya kwanza kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kama desturi ilivyo, mara ya pili kutoka Kiswahili kurudi Kiingereza. Wakiona neno moja la Kiswahili linarudi kwa majina mawili au matatu yanayotumika katika chumba kimoja cha kazi, wajue kwamba hapo kazi bado. Kisha waichukue orodha hiyo waende nayo kwa fundi, wamsomee sentensi nzima, wasimsomee maneno peke yake, na waangalie mkono wake unakwenda wapi. Ukienda panapotakiwa, neno limefaulu.

Hatusemi kwamba stichi ndilo neno la mwisho. Ikiwa kuna walimu na mafundi, wa bara au wa visiwani, ambao katika maeneo yao hutumia jina jingine linaloitenga dhana hii na mshono, jina hilo tutalipokea kwa furaha, na tutakuwa wa kwanza kulipendekeza mahali pa hili letu. Tunachokikataa ni kuendelea kuviita vitu viwili kwa jina moja huku tukimtaka mwanafunzi aliye mbele ya sindano akisie kipi ni kipi.